Upande wa Wanawake

Gumato alifunika mtungi wake wa maziwa ya ngamia, akajifuta mikono kwa leso, akavuka barabara kwenda sinema. Jua lilikuwa likizama na kitambaa kilikuwa karibu kuanza.

Sinema yenyewe ilikufa kitambo. Kwanza video zilichukua vijana, halafu simu zikachukua waliobaki. Viti vilienda mahotelini, mashine ikauzwa kama vyuma chakavu, na jumba likawa stoo ya mahindi, kisha zizi la mbuzi wanaongoja mnada. Kilichobaki ni kile kitambaa cheupe katikati ya ukumbi. Tangu mvua itoboe paa, kila jioni kilionyesha chenyewe, bila umeme, watu waliowahi kukaa mbele yake. Kiliwatazama miaka yote hiyo, na sasa kilirudisha kilichoona. Wainaina wa duka la mbegu alikuja na kigoda kumwona marehemu baba yake akitafuna njugu. Watu walilalamika tu kwamba picha haina sauti.

Gumato alipita nyuma ya kitambaa. Enzi zile wazee waliwaruhusu wanawake waje sinema kwa sharti moja, wakae upande huo, na huko kila kitu kilionekana kimegeuka. Shujaa alishika bastola kwa mkono wa kushoto hadi filamu ikaisha. Wanawake walizoea kugeuza kichwani bila hata kufikiri. Siku hizi hakuna aliyewakataza kukaa mbele, lakini yeye alikaa nyuma.

Jioni hiyo kitambaa kilionyesha siku ya msako. Watu wenye bunduki waliingia, ambao mpaka leo hakuna ajuaye walitumwa na nani, wakawalaza wanaume wote kifudifudi. Mtu aliyevikwa gunia kichwani akasimama kwenye mwanga wa mashine akiupa mgongo upande wa wanawake, akawa ananyoosha mkono. Aliyenyooshewa alipandishwa lori. Waqo, mume wa Gumato, alinyooshewa. Mwenye sinema naye alinyooshewa. Hawakurudi.

Wanaume hawakuona kitu ila sakafu. Ni wanawake walioona kivuli cha mkono kwenye kitambaa, mkono wa kulia, nao wakaugeuza kama walivyozoea, wakasema ni wa kushoto. Kivuli cha mtu hakigeuzwi kama filamu, lakini nani angefikiria hayo siku ile? Mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja, Denge mkata tiketi. Denge aliapa kwa msahafu. Wakasema ameushika kwa kushoto. Hakupewa salamu tena, na alipokufa, waliombeba walikuwa wachache.

Kwenye kitambaa, yule mtu sasa aliugeukia upande wa wanawake, ambako siku ile kitambaa kiliwazuia kumwona uso, akainua gunia ili afute jasho. Alikuwa Wako.

Wako, ambaye jina lake linakaribiana na la Waqo, ni kaka yake Gumato. Ndiye aliyeleta sukari na majani ya chai wakati wa matanga, ndiye aliyewasomesha watoto wake, na ndiye aliyelipata jumba la sinema mwaka uliofuata, watu wakasema ana bahati. Gumato aliinuka. Alizunguka kitambaa na kwenda mbele, mara yake ya kwanza. Wote walikuwa wameona, na Wako mwenyewe alikuwa kati yao. Walichukua vigoda vyao polepole, na mmoja akamwokotea Wako bakora yake. Adhana ilikuwa inaanza.

"Gumato," Wako akasema, "rudi upande wenu. Hapa mbele kuna vumbi."

Kesho yake Wako alisema paa ni hatari, akakitupa kitambaa nje. Habon, binti yake Denge, alikiokota akakitundika kwenye kibanda chake cha nyanya za kutoka mashamba ya Rapsu kukinga jua. Jioni ilipofika kilianza kuonyesha msako uleule, na tangu hapo hakikuonyesha kingine. Watu walisimama, wakatazama mpaka gunia likainuliwa, halafu wakanunua nyanya kibanda cha jirani, kama siku zote.

Gumato alifika wa mwisho. "Salaam aleikum," akamwambia Habon, salamu ambayo hajawahi kumpa.

"Aleikum salaam, akko," Habon akajibu, akimwita bibi.

"Si baba yako."

"Mimi nilijua tangu nikiwa mtoto. Hii kitambaa inaambia nyinyi." Habon alipanga nyanya zake. "Utasema msikitini, watu wasikie?"

Gumato alimtazama Waqo kwenye kitambaa akiinuka sakafuni na kujipangusa magoti. Alikuwa kijana sana. Alitamani kusema ndiyo.

"Wako ni ndugu yangu," akasema. "Mimi nakaa kwa ploti yake."

Habon alitikisa kichwa, akazifunika nyanya. Gumato alizunguka, akakaa chini nyuma ya kitambaa, akatazama hadi lori lilipoondoka na mumewe. Kisha alienda nyumbani. Mke wa Wako alikuwa amemwekea chakula, naye akanawa akala.