Kilemba cha Gunia

Ijumaa baada ya alasiri Isihaka aliketi kwenye kigoda uani kwake Kilole, shati amelivua, na mkewe Mwaija akawa anampalilia mgongo. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeotesha. Miche ilikuwa bado midogo, majani mawili mawili, mingi zaidi upande wa bega la kulia. Mwaija aliing'oa kwa vidole kuanzia shingoni kushuka chini, kama alivyofanya kila masika. Kuku walisimama karibu wakingoja.

"Usiing'oe yote," alisema Isihaka. "Mtu wa masaji akikuta mgongo mtupu atajuaje kinachoniuma?"

"Nikiiacha atasema una mke mvivu. Tulia."

Isihaka hakutulia. Aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi, akaketi.

Alikuwa mpagazi. Kwa miaka mingi alipanda lori la Awadhi, mnunuzi wa mahindi, hadi Misima, akapakia magunia, kisha akayashusha ghalani Korogwe. Yalikuwa magunia ya lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezwa karibu nusu nyingine juu na kushonewa kwa kamba, likavaa kilemba. Mkulima alilipwa gunia moja. Mpagazi naye alilipwa gunia moja. Kilemba hakikulipiwa na mtu, na kwa kuwa hakikuhesabiwa popote, kilibaki mgongoni kwa Isihaka. Gunia lilifika ghalani zima na Awadhi hakupungukiwa hata punje. Lakini punje zilikuwepo chini ya ngozi, ukimpapasa unazisikia.

Uzito hakuulalamikia. Kilichomnyima raha kilikuwa sujudi. Tangu mfungo wa mwaka juzi mgongo ulikataa kuinama, akawa anasali kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu, akisujudu kwa kutikisa kichwa. Kila alipofanya hivyo aliiona ardhi iko mbali, akajihisi kama mtu anayemsalimia mkubwa wake kupitia dirishani. Alitaka jambo moja tu: paji lake la uso liguse mkeka.

Miadi aliiweka binti yao Rukaya, muuguzi huko Tanga. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwa mtaalamu wa masaji karibu na stendi ya Korogwe. "Baba, uoge vizuri," alisema kwenye simu. "Usile kizito, usijipake dawa yoyote, na uvae bukta." Isihaka aliyashika maagizo hayo kama mtu anayejiandaa kwenda hija. Alioga, akakaa kidogo, akaoga tena. Bukta ya kwanza aliyonunua ilikuwa nyekundu, akaiona ya kihuni, akairudisha sokoni. Ya pili iliishia juu ya magoti. Ilipofika ya tatu, muuzaji alimpa bila kumtazama.

Hashim, mpagazi mwenzake, alimkuta pale pale.

"Mzee Isihaka, nasikia unakwenda kuchuliwa. Wale mabinti wana mikono laini, angalia usisahau njia ya Kilole."

"Nimeomba mwanamume."

"Sasa hiyo ndiyo hasara kabisa."

Wapagazi waliokuwa naye wakacheka. Isihaka aliikunja bukta, akaikunjua, akaikunja tena, akaenda msikitini kumuuliza sheikh.

Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kuguswa kwa ajili ya tiba hakuna ubaya, maadamu stara ipo. Kisha akamshika bega, akapima kwa kiganja.

"Mahindi haya yakitoka yakafika nisabu, kile kiwango cha sheria, yana zaka."

"Niitoe mimi?"

"Zaka anaitoa mwenye mazao."

"Mwenye mazao ni nani hapa, sheikh?"

Sheikh alitazama saa ya ukutani, akasema suala hilo linahitaji kurejea vitabu.

Asubuhi Isihaka alikunywa uji, katikati ya kikombe akahofia kwamba uji ni kizito, akauacha. Aliomba dua mlangoni, akatoka, akarudi kuiomba upya kwa sababu mara ya kwanza mawazo yake yalikuwa kwenye bukta. Hata hivyo yeye na Mwaija walifika kabla ya mwenye funguo.

Mtaalamu aliitwa Meshaki, mtoto wa wafugaji wa tambarare za Handeni, mrefu, amevaa koti jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeoga."

"Vizuri. Panda kitandani, ulale kifudifudi."

Meshaki alipitisha kiganja mgongoni mara moja. "Mahindi," alisema.

"Mahindi."

"Afadhali. Juzi alikuja mama mmoja wa Hale, amebeba maji tangu usichana wake. Godoro lile halijakauka mpaka leo."

Akaanza kukanda. Mwanzoni Isihaka alikaza kila kiungo na kusoma kimoyomoyo kila aya aliyoijua. Kisha punje ya kwanza ikatoka penye bega, kama tone la jasho, ikadondoka sakafuni ikalia. Nyingine ikaifuata. Baada ya hapo zilitoka kwa mkupuo, nyeupe, kavu, na Mwaija akaenda kuomba gunia duka la jirani. Gunia lilijaa mpaka mdomoni na mahindi yaliendelea kutoka. Meshaki hakujua kushona kilemba, kwao walihesabu ng'ombe. Isihaka akamwelekeza pale pale alipolala, uso umezama kwenye mto.

"Pitisha kamba huku. Vuta. Sasa ongeza."

Walipomaliza, Isihaka alishuka kitandani akasimama wima. Alihisi baridi mgongoni, kama nyumba iliyohamwa.

Mwaija alitaka yarudishwe Misima kwa waliolima. Wakalikokota gunia hadi kando ya barabara kutafuta gari la kwenda Handeni, na gari la kwanza kusimama lilikuwa la Awadhi. Alishuka, akachukua punje mbili, akazitafuna.

"Haya yangu."

"Ni ya watu wa Misima," alisema Isihaka.

"Watu wa Misima walishaniuzia."

"Walikuuzia gunia. Hawakukuuzia kilemba."

"Kilemba hakiuzwi, mzee. Kilemba kinakwenda na gunia lake." Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu jina lake. "Pole na mgongo. Jumatatu tunakwenda kupakia."

Hashim, aliyekuwa nyuma ya lori, aliruka chini akalipakia gunia. Mwaija aliokota punje zilizodondoka njiani, akazifunga kwenye ncha ya kanga yake.

Adhuhuri Isihaka aliingia msikitini akakipita kiti chake cha plastiki, akasimama safu ya mbele. Akarukuu. Akasujudu. Paji la uso likagusa mkeka, akasikia harufu ya ukindu na ya miguu ya watu, akasahau yote aliyopanga kuomba. Imamu alipotoa salamu yeye alikuwa bado chini. Waliokuwa nyuma yake walizunguka wakatoka, na hakuna aliyemgusa.

Jumatatu walifika Misima jua likiwa limeshapanda. Magunia yalikuwa yamepangwa kando ya njia na wakulima wamesimama pembeni, mikono nyuma.

"Leo nianze na yale yasiyo na vilemba," Isihaka alimwambia Awadhi.

Awadhi aliutazama mstari wote wa magunia, mpaka mwisho wake, kwa makini, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Hayapo, mzee," alisema.

Watu wawili wakaliinua la kwanza kumtwisha. Isihaka akainama. Aliinama kwa urahisi, mpaka chini kabisa, kuliko mpagazi mwingine yeyote pale.