Kidonda Kilichochelewa Kufunga

Mama yangu ni fundi wa makochi. Zamani, kabla hajanizaa, springi ya kiti ilifyatuka ikamchana taya. Mchano wenyewe ulikuwa mdogo, haukufika hata urefu wa kidole gumba, na ulipona haraka. Tatizo ni kwamba haukujua kukoma kupona. Kovu liliinuka, likakaza, likatambaa kuelekea sikioni, ukadhani mtu kambandika kipande cha mpira. Lilimwasha hadi akawa anajikuna kwa mpini wa mkasi. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mimi. Ukienda kumbusu, anakugeuzia shavu la pili.

Mwanangu alipozaliwa, Mama akawa anambeba kwa bega moja tu. Nadhani hilo ndilo lililomfikisha kliniki ya ngozi.

Daktari alikuwa dada mpole ambaye miwani yake haikutulia puani. Alilibonyezabonyeza lile kovu, kisha akasema, "Mama, ngozi yako haina ubaya, ina bidii kupita kiasi. Jeraha lilishafunga, yenyewe bado inajenga. Nitakuchoma dawa ya steroidi humu humu ndani ya kovu, iipoze."

"Sindano?" Mama akauliza, akijivuta nyuma kitini.

Nikaangua kicheko. Mtu anashinda akishona viti kwa sindano ndefu kama kalamu!

"Nyamaza wewe," akaniambia. "Mimi huchoma. Sichomwi."

Alichomwa, meno kayauma. Kovu lilikuwa gumu hata gumba la daktari likatetemeka akiisukuma dawa. Tukawa tunarudi kila baada ya wiki kadhaa. Kwanza muwasho ukakata. Halafu kovu likalegea, likaanza kushuka, na asubuhi moja nikamkuta Mama amemlaza mjukuu wake upande ule ule wa taya, amefumba macho.

Daktari alikuwa ametuonya. Dawa hii hupunguza kasi ya ngozi kujiponya, huifanya nyembamba, hata rangi huweza kufifia. "Pale ninapochoma, jitahidi usijikwaruze," alisema. Tukaitikia juu juu, kama watu walioambiwa wafunge mlango wakitoka.

Mtoto hajui maonyo. Alimkamata bibi yake taya kwa furaha, ukucha ukapita, likatoka tone la damu. Mama akacheka, akalifuta, akaendelea kumrusharusha.

Kidonda hakikufunga. Wiki ikapita, ikaja nyingine, nacho kiko vile vile, kibichi, kama kimekwaruzwa leo. Mama akashikwa na hofu mbili kwa pamoja: kwamba hakitafunga kamwe, na kwamba kikifunga kitaumuka upya.

"Huu mwili," alilalamika, "niliuomba upunguze kazi, sasa umenigomea kabisa."

Daktari alikikagua, akaona hakina usaha, akasimamisha sindano. "Dawa bado imo humo, itaisha taratibu. Kioshe kwa maji safi, kipake mafuta mazito, kifunike. Usikiache kikauke. Kikitoa usaha au kikiwa cha moto, njoo siku hiyo hiyo."

Basi kila asubuhi, kabla hajaenda karakana, nikawa nambadilishia bandeji dirishani penye mwanga. Kwa muda mrefu sikuona kitu. Halafu siku moja nikaona ukingoni utando wa rangi ya waridi, mwepesi kuliko ganda la kitunguu. Kesho yake ulikuwa umesonga mbele kidogo. Nikamletea kioo.

Alitazama, akakisogeza karibu. Mwisho akanong'ona, kama anayeogopa kuushtua, "Unatembea."

Kidonda chake cha kwanza kilijifunga upesi, hakukizingatia. Sasa dawa ilikuwa imeipunguzia kazi ile kasi hadi macho yakaweza kuifuata. Mama, ambaye hajawahi kuchelewesha kiti cha mteja, akaanza kufungua karakana amechelewa.

"Mimi nikiunganisha ngozi ya kochi lazima nivute, nitoboe, nipitishe uzi," aliniambia, kioo mkononi. "Hii inaungana bila mkono wa mtu. Nani anaielekeza pa kwenda?"

Nikamsogeza karibu zaidi na dirisha. Tulikaa pale, yeye na mimi, tukitazama.

Kilifunga, na kilibaki bapa. Daktari alipitisha kidole juu yake mara mbili, akavua miwani. "Nimewatibu wengi," alisema. "Sijazoea bado." Kisha akauliza kama aendelee na kile kipande cha kovu kilichobaki karibu na sikio.

"Kiache," Mama akasema. "Hakiniwashi."

Kipo hadi leo, kama harage. Pale penye kidonda pana doa jeupe, jembamba mno. Juzi mchana nilimkuta amepitiwa na usingizi kwenye kochi la mteja, mwanga umempiga shavuni, na ndani ya lile doa nikaona mshipa unapiga, polepole, peke yake. Nilikuwa nimekuja kumwamsha. Nikaketi sakafuni kwanza.