Kanuni ya Tatu: Maiti Hasemi

Alhamisi moja ya mwaka 1938, saa nne asubuhi, Damas mpishi alikuwa jikoni anachagua mawe kwenye mchele, Memsahibu Hadlo akaingia na kumwambia kwamba Jumamosi kutakuwa na maiti ndani ya nyumba, wageni watakuwa kumi na wawili, na keki ziwe mbili.

Damas aliweka ungo chini. Akampa pole Memsahibu, akauliza marehemu ni nani.

Memsahibu akasema hajampata bado. Maiti atalala sebuleni kwenye zulia, kati ya kinanda na meza ya chai, na wageni watazunguka wakitafuta aliyemwua. Ni mchezo. Dada yake ameutuma kutoka Ulaya ndani ya boksi, pamoja na kikaratasi cha kila mgeni, kanuni saba, na bahasha ya jibu iliyofungwa kwa lakiri nyekundu.

"Nataka mtu wa kulala tu," alisema. "Mtu anayeweza kutulia."

Sasa hapo Memsahibu alidhani anamfundisha Damas jambo geni. Jamani! Unyamwezini msiba bila mchezo wa maiti ni msiba gani? Mtu akifa watani wake wanakuja, mmoja anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anajilaza pale alipokuwa akilala, anamsema vibaya mpaka wafiwa wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Damas alijiuliza kitu kimoja tu: kama Wazungu nao walikuwa na watani siku zote hizi, kwa nini walikuwa wanaficha?

Yeye mwenyewe asingeweza kulala. Mtu kujilaza maiti kwao ni uchuro, kazi hiyo ni ya mtani. Kwa hiyo jioni alikwenda Isevya kwa Abasi, fundi cherehani, Mzaramo aliyeingia Tabora na treni ya kwanza aliyoipenda na hakupanda nyingine kurudi. Abasi alikubali kabla chai haijapoa.

"Kumbe Mnyamwezi hata kufa hawezi mpaka asaidiwe na Mzaramo," alisema. "Kubeba mizigo mnaweza. Kulala tu kunawashinda! Nguo za marehemu ziko wapi?"

Damas akasema atazitafuta.

Alizipata stoo, nyuma ya madebe ya mafuta ya taa. Lilikuwa koti la kaki, la mtu mrefu, lenye kiraka cha kitambaa cha bluu kwenye kiwiko cha kushoto, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Jumamosi saa nane mchana alilitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Pelagia, aliyekuwa anafua nguo za nyumba ile Jumanne na Jumamosi, aliingia na kapu la mashuka, akaliona koti, akatua kapu.

"Koti la Kornel," alisema. "Kiraka hiki nimeshona mimi."

Tuseme wazi habari ya Kornel. Kornel wa Masolwa alikuwa mume wa Pelagia, wa Ipuli, na alikuwa mtunza bustani wa nyumba hiyohiyo kabla akina Hadlo hawajahamia, wakati ilipokuwa ya Bwana Stokli, mnunuzi wa nta. Jumamosi moja, miaka mitatu iliyopita, hakurudi nyumbani. Bwana Stokli alisema amekimbilia Ujiji na mwanamke, na amebeba vitu vyake vyote. Watu waliamini, maana Bwana Stokli alisema hivyo mara moja tu, bila hasira.

Tangu siku hiyo Pelagia hakuwa mke na hakuwa mjane. Matanga hakukaa, nywele hakunyoa, misa ya wafu hakusomewa mtu. Damas alitaka kumwoa, na Pelagia hakuwa na neno, lakini Padre aliwaambia wote wawili kwamba kanisa halifungishi ndoa mke wa mtu aliye safarini: walete mwili, au walete shahidi. Mtoto wake Josepha aliitwa mtoto wa mtoro. Sokoni Kanyenye wanawake walimwuliza, "Kornel hajarudi tu?" na baada ya mwaka wa pili hawakuuliza kwa ubaya tena, ilikuwa salamu kama salamu nyingine. Lililomwuma zaidi si upweke. Yeye alijua hakuachwa, na hakuwa na cha kuonyesha.

Sasa alikuwa na koti. Alilishika muda mrefu, kisha akampa Abasi.

"Vaa. Mwite vizuri."

Saa kumi na nusu wageni walifika. Kila mmoja alipewa kikaratasi cha kumwambia yeye ni nani: mmoja nesi, mmoja kapteni mlevi, mmoja mjane tajiri. Bwana Stokli, aliyekuwa sasa anakaa upande wa pili wa mji, alipewa kuwa kasisi, akafungwa kola nyeupe ya karatasi shingoni. Mapazia yalishushwa. Abasi akajilaza kwenye zulia kati ya kinanda na meza ya chai, kikaratasi chenye neno MAITI kimebandikwa kifuani. Damas alisimama na birika. Pelagia alibaki kwenye mlango wa jikoni, mikono ina sabuni.

Memsahibu alipiga kengele ndogo. Abasi, badala ya kutulia, akaanza kazi yake.

"Kornel wee! Kornel wa Masolwa! Mtoro! Baba yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo na hakupotea njia, wewe umepotea kati ya bomba na bustani! Mke anafua mashuka ya watu, wewe umelala tu! Njoo uone Mzaramo amevaa koti lako, na limemkaa vizuri kuliko wewe!"

Wageni walipiga makofi. Kornel akaingia kwa mlango wa jikoni.

Alijifuta miguu kwenye gunia, kwa sababu alikuwa na udongo mpaka magotini. Alikuwa mrefu kama zamani. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umebonyea, na begani palikuwa na jani la mwaridi. Alimpita Damas, akamwamkia kwa kichwa, akasimama kando ya Abasi.

"Inuka, Mzaramo. Umelala pangu."

"Ulichelewa mno," alisema Abasi, akavua koti na kumrudishia, akaenda kusimama karibu na kabati. Kornel alivaa koti, akabandika kikaratasi kifuani, akalala.

Memsahibu alimwambia jirani yake kwamba hakukumbuka kuajiri maiti wawili, ila huyu wa pili amepakwa rangi vizuri zaidi.

Wageni walianza kupekua. Mjane tajiri alitazama chini ya kinanda. Kapteni mlevi alichungulia chombo cha maua. Nesi alipiga magoti, akagusa kile kichwa kilichobonyea, akamwuliza maiti, kwa Kiswahili cha kuamrishia, nani amefanya hivi.

"Bwana yule," alisema Kornel, akamwonyesha Bwana Stokli. "Kwa mpini wa jembe. Nilipogoa mwaridi nikakata tawi lililokuwa na tumba. Alinipiga mara mbili. Ya kwanza nilimwomba msamaha."

Penseli zote zilishuka kwenye karatasi. Bwana Stokli alinyoosha kola yake.

"Kanuni ya tatu," alisema.

Memsahibu alifungua kijitabu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Kanuni ya tatu ilisema: maiti hasemi wala hawasaidii wachezaji. Aliwataka wageni wafute walichoandika. Walifuta. Mgeni mmoja mwenye cheo, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alisema hata nje ya mchezo ingekuwa vigumu, kwa sababu fomu ya ushahidi ina mahali pa kujaza umri na makazi ya shahidi, na hapa vyote viwili vina utata. Akaomba sukari. Damas alimpa vijiko viwili, na kidogo ikamwagika kwenye sahani.

Kisha lakiri ilivunjwa. Jibu lilikuwa nesi, kwa sumu ndani ya maziwa. Mtu mmoja tu alikuwa amemwandika nesi, naye ni Bwana Stokli. Wakampongeza. Alipewa zawadi, kopo kubwa la biskuti lenye picha ya farasi.

Abasi alitoka pale kabatini, akalichukua kopo mikononi mwake.

"Msibani mtani hanyimwi," alisema.

Ni kweli, hanyimwi. Anaweza kuchukua kuku, anaweza kuchukua kofia kichwani kwa mfiwa, na mwenye kukasirika ndiye anayechekwa. Bwana Stokli alivuta upande wake, Abasi akavuta upande wake, wageni wakacheka sana, na Bwana Stokli, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka, akaachia.

Wakati wanakata keki ya pili Kornel alikwenda jikoni. Pelagia alikuwa amekaa juu ya kapu la mashuka. Alifurahi na alikasirika, vyote kwa pamoja, hata hakujua aanze na kipi.

"Miaka mitatu, Kornel."

"Nilikuwa hapo nje tu, mama Josepha. Hatua ishirini. Jumanne na Jumamosi nakusikia unakung'uta mashuka."

"Mbona hukuniita?"

"Niliita. Udongo ni mzito."

Pelagia alilia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Alikuwa hajawahi kupata ruhusa ya kulia hivyo. Damas alifunga mlango ili sebule isimsumbue, akamwagia marehemu chai, Kornel akasema asante, haitamkaa tumboni.

"Nasikia wewe ndiye unayemtaka mke wangu," alisema.

"Ndiyo, kaka. Nilikuwa nangoja."

"Josepha hapendi mlenda. Usimlazimishe. Padre anataka nini?"

"Mwili au shahidi."

"Basi apewe vyote."

Alibandua kikaratasi kifuani, akaomba penseli, akaandika nyuma ya neno MAITI, polepole, ulimi nje: *Mimi Kornel wa Masolwa nilikufa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi 1935. Niko chini ya mawaridi upande wa tangi. Sikwenda Ujiji.* Akarudi sebuleni akaomba wageni waweke sahihi. Walidhani ni kumbukumbu ya mchezo. Waliweka, mmoja baada ya mwingine, hata mwenye cheo. Karatasi ilipofika kwa Bwana Stokli watu wote walikuwa wanamtazama, wengine wanasema haya, haya, tunataka kuagana. Akaweka sahihi chini ya *Sikwenda Ujiji*, na mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Memsahibu aliombwa ruhusa ya kuchimba. Alisikitika, maana mawaridi ya upande wa tangi yalimpa Bwana Stokli kikombe mara mbili katika maonyesho ya maua, na yeye mwenyewe alikuwa na tamaa ya mwaka huu. Alikubali kwa sharti kwamba mashina yang'olewe na udongo wake. Yaling'olewa na udongo wake.

Jumapili baada ya misa walimfukua, wakamlaza kwenye jeneza la mninga. Padre alisoma kikaratasi mara mbili. Sahihi kumi na mbili hakuzihitaji; alitazama ile K yenye mguu mmoja mrefu, akasema, "Huyu nilimfundisha mimi, na mguu huu sikuweza kuunyoosha kamwe." Akaandika kitabuni: mjane.

Walimbeba kwa mabega kwa njia ya zamani ya misafara mpaka Ipuli. Kornel alitembea pembeni ya jeneza lake, koti begani, anawaambia wapi pana mawe na lini wabadilishane bega. Damas alikuwa mbele kushoto, akateleza mara moja.

"Polepole, bwana," alisema Kornel. "Baba yangu angekupa mzigo wa chumvi tu."

"Hata maiti anachagua wapagazi!" alipiga kelele Abasi kutoka nyuma. "Wanyamwezi nyie mna makuu!"

Njia nzima ilicheka. Josepha alitembea akimshika baba yake mkono wenye udongo, akamweleza ameanza kusoma, anajua mpaka herufi M. Kaburini Kornel aliukagua upana, akasema unatosha. Alimwambia Pelagia neno ambalo Pelagia hakumwambia mtu mwingine. Kisha akaingia, wakamfunika.

Matanga yalikaliwa siku tatu. Abasi alifungua kopo la biskuti, kila mfiwa akapata mbili, watoto tatu. Siku ya mwisho Pelagia alinyolewa nywele, na upepo wa Ipuli ukampiga kichwani, akasema kumbe ni baridi, akacheka peke yake.

Bwana Stokli aliendelea kununua nta. Karatasi yenye sahihi yake ilibaki kanisani, na nje ya kanisa hakuna aliyekuja kuiulizia. Mwaka ule alipanda mawaridi mapya, akaajiri mtunza bustani mwingine, wa kutoka Nzega. Abasi alikwenda kumwona huyo mtu siku ya kwanza, akamweleza yote, na mtu yule akarudi Nzega siku hiyohiyo. Aliajiriwa mwingine. Abasi akaenda tena.

Wiki moja kabla ya ndoa yake na Damas, Pelagia alikwenda Kanyenye kununua kitambaa, kichwa chake kimeanza kuota nywele fupi. Muuza vitunguu mmoja, ambaye alikuwa safarini Igunga na hakupata habari, alimwona kwa mbali akamsalimu kama walivyozoea.

"Pelagia! Kornel hajarudi tu?"

Gari la Bwana Stokli lilikuwa linapita, dirisha wazi. Pelagia hakulitazama, lakini alijibu kwa sauti ya kufika huko.

"Amerudi, dada. Yuko Ipuli."