Maji ya Siku Moja

Mbeyu, mpishi wa shule, aliliinamisha pipa kwa magoti, akachota kwa kikombe maji yaliyobaki chini. Akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Maji yalikuwa na mchanga.

"Mwalimu, njoo uone," alisema. "Haya ni ya kuoshea maharagwe. Ya kuyapikia hakuna."

Kanze Lewa ndiyo kwanza alikuwa anafika, vumbi la njia limempanda mpaka magotini. Ilikuwa Ijumaa, bado saa moja haijagonga. Lori la maji lilitarajiwa Jumanne, halikuja. Ikasemwa litakuja Alhamisi, halikuja vilevile.

"Sasa watoto watakula nini leo, Mama Mbeyu?"

"Watakula maneno. Si wewe ndiwe mwalimu wa maneno?"

Kanze alicheka kidogo, lakini moyo ulikuwa mzito. Shule ya Msingi ya Maojoni, huko ndani Ganze, haikuwa na maji ila yale ya lori. Lambo lilikuwa limekauka tangu Januari, limebaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Pure ya mchana, mahindi na maharagwe, ndiyo iliyowaleta wengi shuleni. Siku isiyo na pure, darasa la watoto arobaini na wawili lilibaki na kumi na watano, na waliokosa kwanza walikuwa wasichana, kwa kuwa wao ndio waliotumwa na madumu kwenda kutafuta maji Mungu ajuako wapi.

Alipanda kwenye kichuguu nyuma ya jiko, mahali pekee simu ilipopata mtandao wa uhakika, akampigia mtu anayepanga safari za malori.

"Maojoni?" yule mtu alisema. "Madam, nyinyi si mmeshapata mfereji? Tuliwatoa kwenye orodha wiki iliyopita."

"Mfereji hautoi maji, ndugu yangu."

"Hautoi vipi, na mimi nimewaona watoto wenu kwa simu wakinywa na kucheka? Hata redio imesema."

"Ilikuwa siku moja."

"Basi waambie waliotoa habari. Mimi nafuata orodha."

Simu ikakatwa. Kanze alibaki kwenye kichuguu, akasema sala fupi ya maneno matatu, akashuka.

Somo la asubuhi kwa Gredi ya Sita lilikuwa insha ya barua ya kirafiki. Aliifuta tarehe ya jana ubaoni, akaandika ya leo, halafu akafunga kitabu. Alitoa simu yake, akaiweka ndani ya kikombe kitupu cha bati ili sauti ipande, akawachezea habari ile ya Redio Kaskazi ya Malindi. Sauti ya kiume, nzuri, yenye kujiamini, ilisema kwamba dhiki ya maji imekwisha Maojoni, kwamba Mradi wa Maji Tele umefikisha bomba mpaka shuleni, na kwamba wanafunzi hawatatembea tena na madumu. Kisha Kanze akawapitishia picha iliyowekwa pamoja na habari hiyo, ya watoto wakinywa kwenye mfereji wa shule. Darasa likalipuka.

"Sidi huyo!"

"Dena, tazama meno yako, kama punda anakohoa."

"Mwalimu, hiyo picha ni bandia," alisema Dena, akitafuta pa kujificha. "Wameichezea kwa simu. Kuna watu wanajua hizo kazi."

"Wewe hukuwapo siku ya sherehe ya kuufungua mfereji?"

"Nilikuwapo."

"Hukunywa?"

Dena akainamia daftari lake. Sidi, msichana mwembamba wa dawati la mbele, aliinua mkono. "Mimi nilikunywa, Mwalimu. Yalikuwa ya moto na yananuka plastiki. Lakini yalikuwa maji."

"Basi picha si bandia," Kanze alisema. "Hapo ndipo penye shida. Kama ingekuwa bandia tungeitupa, tukaendelea na insha. Picha ni ya kweli na habari si ya kweli. Nielezeni inawezekanaje."

Nje, mbuzi wa mtu walipita wakikwaruza ukuta wa udongo. Kisha mmoja akasema labda yule wa redio hakuja. Mwingine akasema labda alikuja akaondoka mapema. Kanze aliwauliza: nani kati yenu alimwona mtu wa redio? Hakuna. Basi aliambiwa. Aliambiwa na nani? Hawakujua, naye akawaambia waandike hivyo hivyo, hatujui, wala si aibu kuandika hatujui.

"Na maji yalitoka wapi?"

"Lori liliyaleta," darasa zima lilijibu.

"Nani aliliona?"

Mikono thelathini ikapanda, kisha ikashuka. Ukabaki wa Dena. Alikuwa akipeleka mbuzi alfajiri siku ile ya sherehe, akaliona lori limeegeshwa kando ya tangi jipya linalolisha mfereji, mpira umepanda juu mpaka kwenye mdomo wa tangi.

"Basi Dena ataandika 'niliona'. Nyinyi wengine mtaandika 'niliambiwa na Dena'."

"Mwalimu, kwani Dena ni redio?" Sidi aliuliza, na watoto wakacheka mpaka wakapiga madawati.

Wakati wa mapumziko ya saa nne hawakucheza. Kanze aliwapanga wawili wawili, wakaufuata mtaro wa bomba kutoka kwenye mfereji wa shule, kupitia nyuma ya choo, kuvuka shamba la mahindi yaliyokauka yakiwa kimo cha goti. Udongo wa mtaro ulikuwa bado mwekundu. Walitembea kama dakika kumi. Pale barabara inapokata kona karibu na machimbo ya mawe, mtaro ukaisha. Bomba jeusi lilitokeza nje ya udongo urefu wa mkono, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa mfuko wa unga na kamba ya katani. Mbele yake ilikuwa ardhi ambayo jembe halijaigusa.

Sidi alichuchumaa, akaigusa ile kamba kwa kidole.

"Limefungwa kama gunia," alisema.

"Usiifungue," Kanze alisema. "Akija mwingine aione kama tulivyoiona sisi."

Akapiga picha tatu: moja ya bomba, moja ya mtaro, na moja ya watoto wakiwa wamesimama mbali, wasiotabasamu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia watabasamu. Hapo akakumbuka. Siku ya sherehe yeye ndiye aliyewapanga kwa kimo, wafupi mbele, akawafuta kamasi kwa leso yake mwenyewe na kuwaambia wachangamke mbele ya wageni. Aliliona lile tangi jipya. Hakuuliza maji yametoka wapi. Aliona mfereji unatiririka Maojoni na machozi yakamlenga, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Darasani waliandika ujumbe kwa redio. Dena alitaka uanze na neno wezi.

"Ulimwona mtu akiiba?"

"Sikumwona, lakini, Mwalimu, si inajulikana?"

"Futa."

"Hata waongo?"

"Futa vilevile. Sema bomba linaishia wapi. Atakayesoma atamalizia mwenyewe."

Ulikuwa ujumbe mfupi. Ulisema mfereji wa shule ulitoa maji siku moja, ya sherehe. Kwamba tangu siku hiyo watoto wanaufungua kila asubuhi na hautoi kitu. Kwamba bomba linaishia kwenye machimbo, limefungwa kwa mfuko. Kwamba mwenzao mmoja aliona lori kando ya tangi, mpira umepanda mpaka kwenye mdomo wa tangi. Mwishoni Sidi aliongeza sentensi yake, nao wakakubaliana ibaki: Lori letu limesimamishwa kwa sababu ya habari yenu. Kanze alipanda kichuguu, akautuma pamoja na picha mbili, ile ya bomba na ile ya mtaro, kwa nambari inayosomwa baada ya kila taarifa.

Saa sita Mbeyu aliwaambia watoto ukweli, kwamba hakuna chakula. Wadogo waliondoka mmoja mmoja, wamekamata sahani zao tupu. Muda mfupi baadaye pikipiki ya naibu wa chifu, Bwana Sanga, iliingia uwanjani, na Kanze akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu, Bwana Njenga, alikuwa mtu wa bara aliyekaa Ganze miaka tisa, mpole, mwenye kupenda mambo yapite. Mbele yake palikuwa na fomu ya Kanze. Kanze hakuwa mwajiriwa wa serikali. Alikuwa mwalimu wa bodi ya shule, mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huu, na bodi ilikuwa ikutane Jumatatu kuamua kama ataongezwa mwaka mwingine. Sanga alikuwa mjumbe wa bodi.

"Shikamoo, Bwana Sanga."

"Marahaba, Madam. Keti." Sanga alikuwa ameivua kofia, ameiweka gotini. "Nimepigiwa simu na watu wa mradi. Nao wamepigiwa na redio. Siku hizi Gredi ya Sita mwawafundisha upelelezi?"

"Nawafundisha kusikiliza habari."

"Kusikiliza sawa. Hii ni kujibizana."

"Madam Kanze," alisema Njenga taratibu, "mimi niliweka sahihi kwamba mradi umepokelewa. Niliweka nikiwa nimeona maji kwa macho yangu. Sasa nitasema nini?"

"Sema hivyo hivyo, Mwalimu. Kwamba uliyaona siku moja."

Njenga akatazama dirisha.

Sanga hakupandisha sauti. Alisema mradi una awamu, awamu ya pili inangoja bajeti, na wafadhili hawapendi kelele. Wakichukia wataondoka na bomba lao, na Maojoni itakosa hata hilo lililofika kwenye machimbo. Alisema watoto ni watoto, waachwe na hesabu zao. Kisha akaisogeza fomu ile kwa kidole, kidogo tu.

"Mimi si mtu mbaya, Madam. Mzee wangu alichimba lambo hili kwa mikono. Nikipiga simu moja sasa hivi, lori litafika hapa kesho asubuhi. Mtoto wa watu atakula Jumatatu. Wewe mwambie yule wa redio kwamba watoto walikosea, basi. Na Jumatatu mimi mwenyewe nitakutetea kwenye bodi."

Kanze alilifikiria lori. Hakujifanya kutolifikiria. Aliona pipa la Mbeyu limejaa mpaka ukingoni, akaona madawati ya wasichana yana watu. Aliwafikiria wanawe wawili, na chumba cha kupanga kule Ganze. Sanga alikuwa anangoja, na alikuwa anangoja kwa wema, jambo lililozidisha ugumu.

"Hilo lori, Bwana Sanga, litaletwa kwa nini?"

"Kwa sababu hamna maji, mama. Kwa nini tena?"

"Kwa hiyo unajua hatuna."

Sanga akaigeuza kofia yake gotini. Njenga aliinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kalamu, na kalamu yake ilikuwa mkononi.

"Mimi nikisema watoto walikosea," Kanze aliendelea, "Jumatatu nitasimama mbele ya nani? Nimewafutisha maneno wasiyoyaona. Yaliyobaki wameyaona."

Simu yake ikalia mezani. Humo ofisini mtandao ulikuja na kuondoka utakavyo, na sasa ulikuwa umekuja. Ilikuwa nambari ya Malindi. Sanga akaitazama, akamtazama Kanze, akatikisa kichwa polepole. Kanze aliinuka, akasimama karibu na dirisha ili asikie vizuri, na hakutoka nje.

"Mwalimu, naitwa Tevin, wa Redio Kaskazi," ilisema ile sauti nzuri, lakini sasa haikuwa na ule uhakika. "Nimepata ujumbe wa wanafunzi. Ile habari mimi ndiye niliyeisoma."

"Ulifika huku?"

"Hapana. Tulitumiwa taarifa na picha na watu wa mradi. Gari lao lilikuwa la kuchukua mwandishi mmoja tu, na akachukuliwa wa gazeti." Kisha akaongeza: "Mwalimu, siwezi kutumia sauti za watoto bila wazazi. Nahitaji mtu mzima atakayetaja jina lake. Nimezungumza na wazazi wawili. Wote wanasema ni kweli, na wote wanasema nisiwataje."

"Wana haki ya kuogopa."

"Na wewe?"

"Nami naogopa. Nirekodi."

Alitaja jina lake na jina la shule. Alisema aliyoyaona na alipoyaonea, na mahali alipoambiwa alisema ameambiwa. Nyuma yake kiti cha Sanga kililia, lakini mwenyewe hakutoka.

"Na ile picha ya watoto," Kanze alisema, "mimi ndiye niliyewapanga. Mimi ndiye niliyewaambia wachangamke. Sikuuliza maji yametoka wapi, na ilikuwa kazi yangu kuuliza."

"Hapo tunaweza kupaondoa, Mwalimu. Hapakusaidii."

"Usipaondoe. Ukipaondoa, watoto watasikia kwamba pameachwa."

Tevin akasema asante, inatosha, ataipeleka kwa mhariri, hawezi kuahidi saa wala siku.

"Haitoshi," Kanze alisema. "Safari ile uliamini uliyoambiwa. Sasa wataka kuniamini mimi, nami hunijui. Njoo, Tevin. Shuka Ganze mjini, uulize njia ya Maojoni. Uje uufungue huo mfereji kwa mkono wako."

"Kituo hakina gari, Mwalimu."

"Nakuelewa," Kanze alisema. "Na sisi lori tulinyimwa. Njoo hivyo hivyo."