Nyota Chini ya Manyoya Meupe

Nilipofika kwenye kizuizi cha Kashebere, mdogo wangu Manzi alikuwa ameketishwa chini, mikono imefungwa nyuma, na farasi wake amefungwa kwenye mti wa kizuizi. Alikuwa farasi wa rangi ya majivu, mweupe karibu mwili mzima, isipokuwa magoti na ncha ya mkia. Manzi hakunisalimu. Alinitazama mara moja, kisha akainua macho kuyatazama mawingu yaliyokuwa yakishuka kutoka upande wa Masisi.

Nikaelewa.

Komanda wa askari wa kizuizi kile aliagiza niletwe kwa pikipiki kutoka Nyamitaba kwa kuwa mimi ni daktari wa mifugo, na katika sehemu zetu hakuna daktari mwingine aliyewahi kushika farasi. Wengine wote ni watu wa ng'ombe. Mimi nilisoma kwenye internati, shule ya bweni ya mapadri waliofuga farasi, na huko nilifundishwa mambo mawili ambayo sijayaacha: kutosema uongo, na kutomtaja farasi rangi yake kabla ya kuitazama ngozi yake. Mwekundu mwenye singa nyekundu, zile nywele za shingo na mkia, ni alezani. Mwekundu mwenye singa na miguu myeusi ni bai. Ama yule wa majivu, huyo huzaliwa mweusi, na kila mwaka manyoya yake hupauka mpaka watu wakasahau alivyokuwa.

"Veterineri," Komanda alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, bunduki imelala mapajani, na alisema polepole kama mtu asiyezoea kurudia neno. "Wakati wa vita ile ya zamani, mutoto wa farasi yangu alipotea. Leo huyu kijana anapita hapa na mizigo ya maharage. Miye napiga mulunzi, farasi inasimama, inakuja kwangu. Inanijua. Sasa uniambie: hii iko yangu ao haiko yangu?"

"Lakini Komanda," alidakia askari mmoja aliyeitwa Magloire, "ya kwenu si ilikuwa nyeusi tii? Na nyota mweupe mu kipaji cha uso? Hii iko mweupe kama shati ya harusi! Miye nimechunga ngombe tangu utoto. Sijaonaka nyeusi inageuka mweupe. Labda muliipoteza mu sabuni."

Wenzake wakacheka. Komanda hakucheka.

Magloire alisema kile ambacho mtu yeyote wa vilima vyetu angesema. Kwetu ndama akizaliwa, rangi yake hutajwa siku hiyo hiyo, bihogo kama ni hudhurungi iliyokolea, gaju kama ni nyekundu ya udongo, na hiyo ndiyo alama yake mpaka siku ya kuchinjwa. Mtu akidai ng'ombe wake aliyepotea, hudai kwa rangi, na hakuna anayembishia. Manzi aliijua desturi hiyo, na ndiyo iliyompa ujasiri wa kupita Kashebere mchana kweupe.

Mimi nilijua zaidi. Nilimwona farasi huyu akiwa mdogo, mweusi, akitetemeka katika shamba la maharage la mama yetu, siku chache baada ya watu kukimbia vita ile na kurudi. Manzi alimwokota na kumlea. Nyota ilikuwapo kipajini. Baadaye weupe wa mwili uliimeza, lakini ngozi haibadiliki: chini ya mwili ilikuwa nyeusi, chini ya nyota ilikuwa ya waridi. Farasi wa namna hiyo akilowa, manyoya hulala, na alama ya utotoni hurudi. Kila mvua iliponyesha nyumbani, nyota ile ilitokea kama jeraha.

Ndiyo maana Manzi alitazama mawingu.

"Papa Veterineri," Komanda alisema, "ulimi umekauka?"

Nilisogea kwa farasi, nikashika taya lake ili mikono yangu iwe na kazi. Nikisema hapana na mvua ikaanguka, tungeuawa wote wawili, mmoja kwa wizi na mwingine kwa uongo. Nikisema ndiyo, ningemkabidhi mtoto wa mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ngurumo ilipita juu ya vilima. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa mahali fulani karibu. Manzi alitikisa kichwa, kidogo sana: hapana. Sema hapana.

"Ni wako, Komanda," nilisema.

Manzi alifumba macho.

"Ah, veterineri naye!" Magloire alipiga makofi. "Anaogopa mpaka anaona rangi yenye haiko."

"Nipeni maji," nilisema.

Walinipa bidoni. Niliyamwaga maji juu ya kipaji, nikapangusa kwa kiganja, na manyoya yalipolala nyota ikatokea, ya waridi, yenye pembe moja iliyopinda kushoto. Magloire alirudi nyuma hatua nzima. Komanda aliinuka, akaweka kidole kwenye ile pembe, akakiacha hapo.

"Hakumwiba," nilisema haraka, na sauti yangu haikunitii. "Alimwokota. Mwizi angemuuza kule Mubi kwa watu wa machimbo. Huyu amemlea mbele ya macho ya watu wote. Mutazame kwato zake, Komanda. Mutazame meno."

Alitazama kwato. Alitazama meno. Kisha akamtazama Manzi.

"Mwizi ningemumalizia hapa," alisema. "Huyu anajua kuchunga. Ataifata. Mumufungue, ashike kamba. Tunaingia pori."

"Komanda, mama yetu ni mjane..."

"Nimekupa ndugu yako muzima, Veterineri. Unataka nini tena?"

Walimfungua. Manzi alishika kamba ya farasi, na farasi akageuka kumnusa. Nilimwendea. Nilitaka kumwambia kwamba nimeokoa roho yake, kwamba ukweli ungetoka tu. Hakunipa nafasi.

"Kaka," alinong'ona, "angalia juu."

Nikaangalia. Mawingu yalikuwa yamevuka barabara na kushika njia ya mbali, upande wa msitu, na nyuma yake jua lilikuwa limetoka.

"Umuambie mama niko muzima," alisema. "Hiyo tu. Mengine umuambie weye mwenyewe, weye njo mwenye unajuaka kusema kweli."

Wakaondoka kwa barabara ya Walikale, askari mbele na nyuma, na mgongo mweupe wa farasi ukaonekana kwa muda mrefu kabla ya miti kuufunika. Mwenye pikipiki aliniita. Sikugeuka. Vumbi lilikuwa limetanda pande zote, na katika barabara nzima palikuwa pamelowa mahali pamoja tu, pale nilipomwaga maji.