Mchoro Unaoandikwa

Friji ilikohoa gizani, ikatetemeka mara mbili, kisha ikaanza kunguruma. Nikajua umeme umerudi. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Nikajitoa polepole kwenye mkono wa binti yangu, maana Kidoti akilala hunikumbatia kama abiria aliyeshika mzigo wake asiibiwe, nikaelekea jikoni na kompyuta kwapani.

Baba yake aligeuka, akauliza bila kufumbua macho, "Ni leo?"

"Ni leo. Lala."

"Wapige chenga," akasema, akarudi usingizini.

Ofisi yetu ina watu sita, juu ya duka la vifaa vya shule, na kazi yetu ni kutengeneza programu za kompyuta. Wakati huo tulikuwa tunaitengenezea maabara ya hospitali programu ya kufuatilia sampuli za damu. Mimi niliajiriwa kuingiza data, basi. Lakini jioni, kwa miaka miwili, nilikuwa nasoma stashahada, na Kidoti akilala kwenye shuka juu ya madawati mawili yaliyounganishwa nyuma ya darasa. Ndiko nilikojifunza UML. Ni namna ya kuchora ambayo watengeneza programu wamekubaliana, visanduku na mishale, ili kabla hujaandika programu yenyewe kila mtu aone nani anafanya nini na nani anampa nani taarifa.

Meza ya mchambuzi wa mifumo, ile ya dirishani, ilikuwa wazi tangu mwenyewe ahame. Nikaiomba. Bosi hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Mchambuzi kazi yake ni kuchagua na kutetea alichochagua," aliniambia. "Hapa kila mtu anachora kwa chombo chake, mchoro wa huyu haufunguki kwa yule. Nitafutie programu moja ya kuchorea UML, tuitumie sote. Una wiki mbili. Ijumaa ya pili tunakwenda nayo maabara, tuijaribu mbele ya wenye kazi. Ukiniridhisha, meza ni yako. Usiponiridhisha, natafuta mtu wa nje."

Nilijaribu nyingi, zikabaki tatu. Nikazipa majina ya utani, kwa sababu majina yao halisi yote kwangu yalisikika sawa; ofisi nayo ikayazoea yale ya utani.

Ya kwanza niliiita Bwana Harusi. Huyo ndiye kipenzi cha mwenzetu mmoja, kijana mwenye mkono mzuri mno wa kuchora hata ofisi nzima inamwita Msanii. Bwana Harusi alikuwa na rangi, vivuli, na vitufe vingi mpaka macho yanauma. Na alikuwa na tabia moja iliyonitoa jasho. Ukifuta kisanduku, anakiondoa kwenye picha tu. Kwenye orodha yake ya ndani kinaendelea kuishi. Mimi nitajuaje? Nikampelekea bosi ripoti ambamo karani wa mapokezi, niliyemfuta mara tatu, bado alikuwa anapokea wagonjwa.

"Huyu mbona hafi?" bosi akaniuliza.

Msanii alicheka hadi akalaza kichwa mezani. "Dada, wewe umechana picha yake tu. Mwenyewe yupo, anasubiri mshahara."

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Ya pili ilikuwa Jirani. Mkarimu kweli, watu wawili mnachora ukurasa mmoja kwa pamoja, kila mtu kwake. Ila mtandao ukikatika anafunga mlango na picha zako ziko ndani. Kwetu mtandao unakatika.

Ya tatu niliiita Msikivu. Huyu hana kalamu wala rangi. Unaandika maneno, mstari kwa mstari, na yeye anachora. Unataja nani, unaweka mshale, unamtaja mwingine, nukta mbili, halafu jambo lenyewe:

Muuguzi -> Maabara : analeta sampuli

Ukimaliza mstari, upande wa pili wa kioo visanduku viwili vinasimama na mshale unapita katikati. Hakujali kwamba naandika Kiswahili. Siku ya kwanza nilimwita mume wangu aje aone, akasimama na mswaki mdomoni, akasema, "Kwa hiyo unamsimulia, naye anachora." Nikamwambia ndiyo, ni hivyo tu. Miaka miwili ya darasa la jioni na sikuwahi kuisema vizuri namna ile.

Kasoro anazo. Visanduku anavipanga anavyotaka yeye, na ukimwomba asogeze kimoja kushoto kidogo, usikivu wote unakwisha. Michoro yake haina sura. Niliyaandika hayo yote alfajiri ile pale jikoni, kwenye ukurasa wangu wa utetezi, kwa sababu mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisema chombo ambacho huwezi kutaja ubaya wake hujakitumia.

Saa sita mchana tulikuwa maabara. Chumba chembamba, meza ya chuma, na ukutani skrini kubwa tuliyoiunganisha na kompyuta zetu. Mkuu wa maabara alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, miaka ishirini na mbili katika jengo lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nina saa moja tu. Damu hainisubiri."

Msanii alitangulia na Bwana Harusi. Lazima niseme kweli, mchoro ulikuwa unapendeza. Muuguzi kwa buluu, maabara kwa kijani, mishale imekaa kama nywele zilizochanwa. Mama alivaa miwani, akautazama.

"Kuna tulipokosea?" bosi akamuuliza.

"Nani, mimi niwakosoe? Hapana, baba. Mzuri mpaka mtu anaogopa kuugusa." Akatazama saa yake.

Zamu yangu. Nilifungua Msikivu, maneno kushoto, mchoro kulia, nikaanza kusoma kwa sauti. Muuguzi analeta sampuli. Maabara inapokea. Maabara inakagua. Kompyuta inamjulisha muuguzi.

"Hapo siyo," mama akasema.

Nikaacha kusoma.

"Hapo pa kompyuta. Damu ikifika imeganda, haipimiki. Tunamwaga, na muuguzi anatakiwa atoe nyingine upesi. Sasa wewe unasema kompyuta itamjulisha. Wodini usiku kuna muuguzi mmoja na vitanda thelathini, nani atakaa anatazama kioo? Tunampigia simu. Siku zote tunampigia."

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa pia kwenye mchoro wa buluu na kijani, pale pale, ila hakuna aliyeliona kwa uzuri wake. Nilitaka kulirekebisha haraka nisionekane mjinga. Kisha nikainuka kwenye kiti.

"Kaa hapa, mama. Andika mwenyewe."

"Mimi? Mimi naandika kwa kidole kimoja."

"Kimoja kinatosha."

Bosi alikunja uso. Msanii akaegemea ukuta, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri sahani ianguke. Mama akakaa. Kidole kikaanza kutafuta herufi, moja moja, naye akiandika huku anajisemesha: Maabara, mshale, Muuguzi, damu imeganda, toa nyingine.

Mchoro ukapotea.

Kioo chote cheupe, na mstari mmoja mwekundu juu. "Nimeua," mama akasema, akatoa mkono kana kwamba kibodi imemng'ata.

"Hujaua," nikamwambia. Nilishaliona kosa. Ningeweza kulisahihisha kwa kufumba na kufumbua, na ofisi yote ingeona naijua kazi. Nikaweka mikono nyuma. "Maneno yako yote yapo, hakuna lililopotea. Linganisha mstari wako na ule wa juu yake."

Akasogeza miwani. Akasoma wa juu, akasoma wake. Dakika ilipita, nadhani, lakini kwangu ilikuwa ndefu kama foleni ya benki.

"Ah. Nukta mbili. Nimeziruka."

Akaziweka. Mchoro ukarudi, na ndani yake mshale mpya, kutoka maabara hadi kwa muuguzi, na maneno yake mwenyewe juu ya mshale. Mama alisogeza kiti mbele. Kisha akanivuta mkono bila kugeuka. "Kumbe ndiyo hivi tu? Sasa kaa karibu, nikuonyeshe mengine mliyoyakosa."

Saa moja ilipita, ikaongezeka nyingine. Aliongeza mistari kumi na moja. Sampuli isiyo na jina. Mgonjwa aliyehamishwa wodi wakati damu yake iko njiani. Fundi mmoja wa maabara akachungulia mlangoni kuuliza kitu, mama akamwambia asubiri, anachora.

Tukiwa tunakusanya nyaya, bosi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga nani aende kununua karatasi: "Michoro ya kuwaonyesha wakubwa, Msanii aendelee na Bwana Harusi. Ya kufanyia kazi, sote Msikivu. Jumatatu hamia dirishani. Na utufundishe."

"Mimi nitakuwa mwanafunzi msumbufu, mchambuzi," Msanii akasema, akinipokea begi la kompyuta. Alilisema neno hilo bila kejeli. Nikaendelea kukunja nyaya.

Nilikuwa nimechelewa kumchukua Kidoti shuleni, kwa hiyo baba yake alimleta pale pale maabara. Niliwakuta kwenye korido, karibu na dirisha la kupokelea sampuli, ambako yule mama wa maabara alikuwa ameshachapisha mchoro na kuubandika kwa gundi ya karatasi, umepinda kidogo. Mume wangu alinitazama usoni, akaelewa. "Umewapiga chenga," akasema.

Wauguzi wawili walikuwa wamesimama mbele ya mchoro, wakibishana kuhusu mshale wa simu na kucheka. Hakuna aliyeniuliza unasomwaje. Nilibaki nyuma yao na sandali zangu za kazini, shingo imenyooka, nikiwaacha waendelee.

Kidoti alijipenyeza kati ya miguu yao. Mchoro ulikuwa mrefu, na mwisho wake ulikuwa usawa wa macho yake. Akaweka kidole kwenye mshale wa chini kabisa, akatembea nao herufi kwa herufi, midomo ikicheza, akarudi mwanzo, halafu akasema kwa sauti:

"Mgonjwa anarudi nyumbani."