Magauni Thelathini na Saba ya Mwanasesere wa Irmtraud

Mimi sina subira, nasema mapema. Irmtraud alipofungua sanduku lake kwenye karakana yetu ya kutengeneza na kuuza wanasesere hapa Sonneberg, mwisho wa Novemba, miaka miwili tangu mpaka wa Ujerumani Mashariki na Magharibi ufunguke, nilicheka. Mwanasesere wa kichwa cha kauri, mzee kuliko sisi wote, kavalishwa gauni la mabega mapana la juzijuzi! Na pembeni yake magauni mengine chungu nzima.

"Lahaula! Nani kamharibu hivi?"

"Mama," akasema Irmtraud. "Alifariki kule Magharibi mwaka themanini na nane. Sanduku limenifikia mwezi huu. Nataka kumuuza, simtaki machoni pangu. Desemba ya hamsini na moja, mama alivuka mpaka na mwanasesere huyu, akaniacha mimi kwa shangazi. Nilikuwa na miaka mitano. Askari wakabana mpaka, kisha ukafungwa kabisa, hakurudi. Shangazi alikuwa akiniambia, 'Mamako alichagua mwanasesere.'"

Nikajiona mjinga.

Bibi Ottilie akavuta kiti. Ana miaka themanini na mbili, na mwaka wa gauni anaujua kwa kupapasa mshono. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa na bado namhusudu.

"Desemba?" akauliza. "We mtoto wa Sonneberg kweli? Mwanasesere gani hapa kwetu hulala nyumbani Desemba?"

Irmtraud akakodoa macho. Kila mtu mjini anajua: kabla ya Krismasi mwanasesere hutoweka, mama humshonea gauni jipya kwa siri, na usiku wa Krismasi anarudi chini ya mti.

"Alimchukua akamvalishe," Bibi Ottilie akasema. "Kitambaa wakati ule kilikuwa wapi huku kwetu? Kilikuwa ng'ambo. Haya, tuone alishona nini."

Akaanza kuyapanga mezani. Mkono mfupi uliofura, vifungo vya mfupa: hamsini na moja. Sketi pana na shimizi ngumu ya nailoni: hamsini na sita. Zipu ndogo mgongoni, pindo juu ya goti: sitini na saba. Hakusita hata mara moja, jamani! Mimi ningehitaji vitabu na wiki nzima. Yakatimia thelathini na saba, moja kwa kila mwaka hadi themanini na saba.

"Lakini hayamkai," nikasema. Ulimi wangu! "Tazama hili la sitini na moja, kifua kinapwaya."

"Ndiyo nakusubiri uone," akasema Bibi Ottilie, akamgeukia Irmtraud. "Mwanasesere ni mtoto, kifua bapa. Mshonaji stadi namna hii hawezi kukosea. Kaweka mikunjo ya matiti. Sitini na moja wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Basi alikuwa anamshonea binti wa miaka kumi na mitano."

Irmtraud akakaa. Akaanza kuyagusa moja moja, akihesabu miaka yake kwa sauti ya chini. Kwenye jeupe, refu, la sabini, akasimama.

"Hili la harusi. Niliolewa sabini na mbili. Alikosea miaka miwili."

Akacheka, na hapo hapo kilio kikamtoka, kilio cha mtoto. Mimi nikageukia dirishani nikajifanya nasafisha miwani, maana nami nilikuwa nalia.

Alipotulia, akalishika la mwisho, lile la mabega mapana nililolicheka. Koti alilovaa mwenyewe lilikuwa na mabega yaleyale.

"Nimtangaze kwa bei gani?" nikauliza, kwa sababu kuna mtu lazima aulize.

Irmtraud alikuwa ameshamkumbatia mwanasesere.

"Bibi Ottilie, amekosa gauni Krismasi tatu. Una kitambaa cha mwaka huu? Sijui kushona, lakini Desemba inaanza Jumapili."